Kipimo cha Pili

Kakenya alijichoma sindano jioni, akajichoma tena asubuhi, na hali ikazidi kuwa mbaya. Hilo ndilo lililokuwa tatizo, na pale kijijini Piyaya hakuna mtu aliyejua sababu yake.

Alikuwa na kisukari tangu akiwa darasa la sita. Aliolewa nacho. Alibeba mimba nacho, akamzaa Lilian, mtoto mzima na mama mzima, ilhali wanawake wengi wa boma lile walikuwa wameshamlilia kabla hajajifungua. Kila asubuhi alijichoma insulini pajani nyuma ya shuka iliyotundikwa, akashusha nguo, akachukua kibuyu na kwenda kukamua kama wenzake. Mtu akimpa pole, alimwambia apeleke pole hiyo kwa mwenye meno mabovu.

Asubuhi ile mama mkwe wake, Nasha, alimkuta ameinama nyuma ya zizi la ndama, anatapika maji matupu. Nasha alikuwa amezaa saba na kuzika wawili, na wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la heri.

"Mama Lilian, au mdogo wake Lilian anapiga hodi?"

"Ingekuwa hivyo, Yeyo, ungeniona nacheka."

Yeyo ni mama. Ndivyo alivyomwita tangu siku ya kwanza, hata miaka ile ambayo Nasha alikuwa haitiki.

Kakenya aliingia ndani, akaketi kwenye kitanda cha ngozi, akafungua mfuko wake mdogo. Alikuwa na mashine moja ya kupimia damu na vijiti vya aina mbili. Vya sukari vilikuwepo vya kutosha. Vya pili, vya ketoni, kila kimoja ndani ya karatasi yake ya zambarau, vilikuwa vimebaki vinne. Kimaren, mumewe, aliuza kondoo ili apate boksi moja mjini Karatu, na siku aliporudi wenzake walimcheka kisimani mpaka ng'ombe wakamaliza kunywa. "Kondoo mzima kwa vijiti vya kuchokonolea meno," walisema, "na nyama yenyewe hukuila." Kimaren alicheka pamoja nao. Nyumbani alifika amenuna.

Kakenya alijitoboa kidole. Kwa sukari, mashine haikutoa namba yoyote. Iliandika tu kwamba imepita kiasi inachoweza kuhesabu. Akafungua karatasi ya zambarau, akagusisha tone jingine.

"Moja nukta nane," alisema. "Inatakiwa isifike hata moja."

Nasha alikaa mlangoni, anaziba mwanga. "Hicho cha pili kinasema nini ambacho cha kwanza hakijasema?"

"Cha kwanza kinasema sukari imejaa kwenye damu. Cha pili kinasema kama mwili unaipata hiyo sukari, au unaitazama tu. Ukiikosa, unachoma mafuta yake wenyewe, na hayo mafuta yakichomwa mengi yanaacha sumu. Sumu hiyo ndiyo ketoni."

"Kama ng'ombe wa kiangazi. Anasimama, anajila mwenyewe."

"Kama huyo, Yeyo. Ila yeye hana majani. Mimi ninayo, mdomo ndio umefungwa. Insulini inaufungua."

Nasha alisogea karibu kumshika paji la uso, na hapo akaisikia ile pumzi. Ilikuwa na utamu mbaya, utamu wa tunda lililolala. Aliwahi kuisikia kwa kondoo wenye mimba ya mapacha mwaka wa ukame. Hakumwambia Kakenya waliishia wapi wale kondoo.

Kimaren alitoka zizini na fimbo yake. Alipoambiwa, alitafuta la kulaumu, kama wanaume wanavyofanya wakiogopa.

"Ni ile soda ya kwenye sherehe ya juzi. Nilikuona."

"Uliuonaje mkono wangu ukaacha kuona kilichobaki kwenye glasi, baba Lilian? Nilikunywa nusu, nikapima, nikachoma. Soda ingepandisha sukari, nayo ingeshuka. Isingepandisha hizi."

"Basi leo usichome tena. Hujala kitu tangu jana. Utachoma tumbo tupu uanguke."

"Hapo ndipo watu wanapofia," alisema Kakenya. Hakupandisha sauti. "Mgonjwa hali, nyumba nzima inasema asichome. Mtu akiumwa anachoma hivyo hivyo, ila anapima mara nyingi zaidi. Niletee maji."

Akachoma, na safari hii aliongeza kidogo, kwa kipimo alichofundishwa kliniki Karatu. Akanywa maji yenye chumvi kidogo, akayatapika, akanywa tena. Nasha alimwangalia akimeza. Katika maisha yake aliwahi kuona kijana wa jando akisimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, na watu wote wakamwimbia. Huyu hakuna aliyekuwa akimwimbia.

Ilipofika saa nne Kakenya akapima tena. Tatu nukta moja.

Alisoma ile namba mara ya pili. Kisha akafunga mfuko na kuomba simu.

"Ninachojichoma si insulini," alisema.

Mtandao wa simu pale ulipatikana juu ya jiwe moja tu, nyuma ya boma, mahali ambapo vijana hupanda jioni kuongea na wasichana wa Loliondo. Kimaren alikimbilia barabarani kuulizia gari. Nasha akamshika mkwewe kiunoni, wakapanda pole pole, wakipumzika kila baada ya hatua chache. Kakenya alikuwa anahema kwa kina na haraka, kama mtu aliyekimbizwa, ilhali alikuwa anatembea kama konokono.

Aliyepigiwa ni Sista Antonia, Mwiraqw mmoja wa Karatu, muuguzi wa kliniki ya kisukari. Yeye ndiye aliyemfundisha Kakenya kutunza insulini bila friji: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga katikati, mchanga ulowe maji kila siku, chupa zikae ndani kwenye ubaridi. Kakenya aliweka sauti kubwa ili asilazimike kuishikilia simu sikioni.

"Kakenya wa Piyaya, mtoto hajambo? Mbona unahema hivyo?"

"Ketoni tatu nukta moja, Sista. Asubuhi zilikuwa moja nukta nane. Katikati nimechoma na nimeongeza. Ingekuwa inafanya kazi, zingeanza kushuka."

Karatasi zilichakarika upande wa pili.

"Umepima vizuri sana," alisema Antonia. "Kama usingepima hicho cha pili ungekaa hapo unaongeza sindano mpaka jioni. Sasa niambie. Mchanga una maji?"

"Una maji."

"Chungu kimepigwa na jua?"

"Hapana. Kiko pale pale, chini ya kitanda."

"Kuna mtu amekigusa?"

"Hapa hakuna mtu anayekigusa, Sista. Wanakiogopa."

Nasha alikuwa amekaa pembeni ya jiwe, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Alisikia lile jibu, na lilikuwa limempa njia ya kupita. Angenyamaza, ukweli usingetoka kwake wala kwa mtu mwingine. Ni kweli kwamba kwa miaka minne alikuwa hakigusi. Alikiita kaburi la mchanga, na wageni wakija alikuwa akikifunika kwa gunia wasije wakauliza. Lakini siku ile kabla ya sherehe alikuwa anasafisha vibuyu vyote vya nyumba, kila kimoja kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, anakitikisa, anakisugua, mpaka kinanukia moshi ule mtamu ambao maziwa hayaharibiki ndani yake. Alipomaliza vyake, jicho lake likaangukia kile chungu. Kina ukungu pembeni. Kinanuka tope. Akawaza: huyu binti amenizalia mjukuu, ananiita Yeyo kila siku ya Mungu, na chombo chake peke yake ndicho kimeachwa kichafu humu ndani. Kwa Nasha, kumfukizia mwanamke chombo chake ilikuwa ni kumwambia kitu ambacho mdomo ulishindwa kukisema.

"Mimi nimekigusa," alisema.

Kakenya aligeuka.

"Siku ile mlipokwenda kisimani. Nilikifukiza kwa moto kama vibuyu. Nikakiosha, nikakianika, nikarudisha mchanga na maji kama nilivyoukuta."

"Na chupa, mama?" Sauti ya Antonia ilitoka kwenye simu, taratibu. "Chupa uliziweka wapi wakati chungu kinakauka?"

"Mahali pazuri," alisema Nasha. "Kando ya mafiga. Pale tunapolaza watoto wa mbuzi wasife na baridi. Zilikaa mpaka jioni. Sikutaka zipate baridi."

Kakenya alitoa chupa mfukoni, akaishika dhidi ya mwanga. "Yeyo, macho yangu yana ukungu. Angalia wewe."

Nasha aliichukua. Aliigeuza taratibu kama alivyozoea kugeuza kibuyu kutazama maziwa. Yale maji meupe yalikuwa na vichembe, na vingine vimeng'ang'ania kwenye kioo. Ya pili nayo ilikuwa hivyo hivyo.

"Yamekatika," alisema.

"Anasemaje?" aliuliza Antonia.

"Anasema yamekatika kama maziwa."

"Ameona sawasawa. Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Basi huna insulini. Usije Karatu, ni mbali, hutafika. Nendeni hospitali iliyo karibu nanyi, sasa hivi, kwa gari lolote. Unywe maji kidogo kidogo njiani. Pima tena mkiwa barabarani, na ukifika uwape namba zote kwa mpangilio. Mama yupo hapo?"

"Nipo."

"Mama, umetuokolea muda. Asante kwa kusema."

Nasha akaweka fimbo kwapani. Aliinua mkwewe, wakaanza kushuka.

Gari lililokuwepo Piyaya siku hiyo lilikuwa moja, pikapu ya Moloimet, na lilikuwa linapakia mbuzi kwenda mnadani upande wa Soitsambu. Njia ya kwenda hospitali ilikuwa hiyo hiyo, ila hospitali ilikuwa mbele zaidi ya mnada. Moloimet na Kimaren walikuwa rika moja. Walitahiriwa asubuhi moja, wakalala kibanda kimoja wakati vidonda vinapona, na baadaye, walipokuwa morani, Moloimet alikunywa maziwa mengi nyumbani kwa Nasha kuliko alivyokunywa kwa mama yake. Watu wa rika moja hawauziani kitu kidogo. Mmoja akiomba, mwingine hutoa, halafu siku nyingine mambo hugeuka.

"Panda wewe na mkeo," alisema Moloimet, akiegemea mlango wa gari. "Lakini tuongee kwanza."

"Tuongee nini? Mtu anakufa."

"Rika langu, gari hili ni mkopo. Benki hainiulizi nimetahiriwa na nani. Nikienda mpaka hospitali nachelewa mnada, na mbuzi wakichelewa mnada nawarudisha na hasara. Nitoe hasara mimi?"

"Unataka nini?"

Moloimet alitazama upande wa malisho. Hakuhitaji kutaja. Kimaren alikuwa na dume mmoja mweusi mwenye uso mweupe, aliyemlea kutoka ndama, mwenye nundu ambayo watu walitoka Malambo kuja kuiangalia. Moloimet alishamwomba mara mbili kumnunua.

"Yule ni wa thamani ya magari kumi ya mafuta," alisema Kimaren.

"Basi tafuta magari kumi."

Nasha alikuwa amemkalisha Kakenya chini, mgongo kwenye gurudumu. Alisimama mbele ya Moloimet. Alikuwa mfupi, ikabidi ainue uso.

"Mwanangu. Wewe ulikunywa maziwa kwangu mpaka nikawanyima ndama."

"Kweli, Yeyo, na nakushukuru," alisema Moloimet, na akatabasamu. "Lakini gari haliendi kwa maziwa."

Kijana mmoja wa kupakia mbuzi alicheka. Kimaren alitazama chini. Kisha akasema, "Mchukue," kwa sauti ambayo ilibidi Moloimet amuulize tena amesemaje. Akarudia. Ng'ombe mzima mbele ya watu, mara mbili.

Kiti cha mbele kilikuwa na mtu, Lazaro, mchuuzi wa mbuzi kutoka Qurus, ambaye alikuwa ameshalipia nafasi yake. Moloimet alianza kueleza kwamba wagonjwa watakaa nyuma, mbuzi ni wapole. Lazaro alifungua mlango, akashuka, akavuta suruali yake juu.

"Huyo dada akae hapa na mama yake," alisema. "Mimi na mbuzi tunafahamiana siku nyingi."

Akapanda nyuma. Kimaren naye akapanda.

Barabara ile ni mawe na vumbi. Kakenya alikuwa ameegemea bega la Nasha, anafumba macho, na kila alipofumba Nasha alimtingisha.

"Usilale. Amesema unywe."

"Nakunywa." Alikunywa. "Yeyo, tupime."

Alifungua mfuko, lakini vidole havikumtii. Kijiti kilianguka kwenye miguu ya dereva, na ikabidi Nasha ainame akipapase. Kilikuwa bado ndani ya karatasi yake.

"Nitobolee wewe," alisema Kakenya.

Nasha hakuwahi kushika kile kidude. Siku za nyuma, Kakenya alipokuwa akijitoboa, yeye alikuwa akitoka nje.

"Niambie."

"Pembeni ya kidole, si katikati. Bonyeza. Usiogope, kidole hiki kimeshazoea kupigwa. Sasa minya. Futa tone la kwanza. Hilo la pili ndilo. Ncha ya kijiti iguse damu, usiisugue."

Gari liliruka. Nasha alisubiri lilipotulia, akaigusisha ncha kwenye damu kama mtu anayemlisha ndege. Moloimet alitazama kwa pembeni, akarudisha macho barabarani. Aliongeza mwendo.

Nasha hakusoma shule. Namba alizijua kutoka kwenye noti na kwenye simu.

"Nne," alisema. "Halafu kitone. Halafu sita."

"Nne nukta sita. Ishike, Yeyo. Nikisinzia, zitaje zote tatu. Moja nukta nane, tatu nukta moja, nne nukta sita. Na uwaambie insulini iliungua kwa moto, wasidhani niliacha kuchoma. Wengi wanadhani tumeacha."

"Nimeshika."

Alizishika kama mtu anayehesabu mifugo inapoingia zizini jioni, anarudia kimoyomoyo asije akaruka mmoja. Kakenya alinyamaza. Nasha alimtia maji mdomoni kwa kifuniko cha chupa, kifuniko baada ya kifuniko, mpaka mabati ya hospitali yakaonekana.

Daktari aliyewapokea aliuliza yale wanayouliza wote, tangu lini, amekula nini, ameacha dawa lini. Kakenya alikuwa anajibu nusu nusu. Kimaren alikuwa mlangoni, ana vumbi mpaka kwenye kope, hajui aanzie wapi.

"Hakuacha," alisema Nasha. "Alichoma jana jioni, leo asubuhi, na tena baada ya hapo. Dawa iliungua, nimeiunguza mimi kando ya moto. Ketoni asubuhi moja nukta nane. Saa nne tatu nukta moja. Njiani nne nukta sita. Anakunywa maji tangu asubuhi, mengine anatapika."

Daktari aliacha kuandika, akamwangalia, kisha akaandika haraka zaidi. "Za njiani kapima nani?"

"Mimi."

"Vizuri, mama." Akageuka kumwita muuguzi, akataja dripu, akataja insulini, na baada ya hapo hakuna aliyewauliza kitu kwa muda mrefu. Walimzunguka Kakenya, wakamsogeza Nasha ukutani. Alibaki amesimama pale ukutani na ule mfuko mdogo mkononi, akakataa kiti.

Siku ya pili mchana Kakenya alikunywa uji. Alikuwa amekonda usoni kama aliyetoka kwenye njaa, ila pumzi yake ilikuwa imerudi kuwa pumzi ya mtu. Aliomba mfuko wake, akatoa kijiti cha mwisho cha zambarau, akajitoboa mwenyewe.

"Sifuri nukta nne," alisema, na akalala chali akitazama dari. "Nimerudi."

Kimaren aliguna. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, fimbo katikati ya magoti. "Kisimani wakinicheka tena kuhusu vijiti vya meno," alisema, "nitawaambia wanunue vyao."

"Waambie pia kwamba si soda iliyoniangusha."

"Hiyo ya soda nisamehe."

"Nimeshasamehe. Nataka tu uisikie mara mbili tatu zaidi."

Akacheka kidogo, na kicheko kikamchosha. Kimaren alitoka kwenda kununua maji. Nasha alisogeza kiti. Alikuwa amelipanga neno lake usiku kucha, na sasa halikukaa alivyolipanga.

"Nilitaka chungu kikunukie vizuri," alisema.

"Najua, Yeyo. Niliisikia harufu. Nilipofungua nilidhani ni mkono wangu una moshi."

"Ningekuua."

"Ungenyamaza juu ya lile jiwe, ndiyo ungeniua. Mimi nilishasema hakuna aliyegusa. Ulikuwa na pa kutokea." Alimshika mkono, akaugeuza, akatazama vidole vyake vigumu vya kukamua. "Na tone umelichukua vizuri gari linaruka. Sista Antonia mwenyewe gari likiruka hivyo angenichoma jicho."

Nasha aliangalia pembeni, akajifuta uso kwa ncha ya shuka, akasema vumbi la barabara ile ni baya.

Waliruhusiwa baada ya siku nne. Gharama ilikuwa hivi. Chupa mbili za insulini, zilizomwagwa. Vijiti vinne vya ketoni, na kondoo mwingine aliyeuzwa ili wapate boksi jipya. Mbuzi watatu kwa ajili ya hospitali na nauli ya kurudi. Dume mweusi mwenye uso mweupe, ambaye Moloimet alituma kijana kumchukua kabla hata Kakenya hajatoka wodini. Na Moloimet mwenyewe. Wanaume wa rika lile waliokuwa wakichinja na kula pamoja walikuwa sita. Kimaren sasa anakata nyama kwa watano.